Penye Tofali

Hapa Dingxi mtandao hauingii ndani.
Unakaa uani, nyuma ya rundo la viazi,
nusu hatua kushoto mwa banda la kuku.
Nimepatia alama: tofali.

Huku saa tatu usiku, kwa mama saa kumi.
Anauliza nimekula nini.
"Viazi."
Anaanza kucheka, kisha uso unaganda,
mdomo wazi, nusu ya jina langu ndani.

Nyuma yangu koti kubwa linangoja zamu:
Hou Yanlin, wa darasa la nne.
Mama yake hushona viatu Dongguan,
mwaka wa tatu anamlea kwenye kioo.

"Mwalimu, usikate," anasema
kwa Kichina cha polepole, cha kunihurumia.
"Wangu akiganda namsimulia tu."

Mimi niliyekuja kujitolea kufundisha
nausimulia uso uliotulia:
theluji, jiko la makaa, soksi mbilimbili,
na lile nililoapa kutolisema.
Yanlin anapuliza vidole.
Kuku anakoroma.

"…na kesho?" Mama amerudi.

"Viazi!" anadakia Yanlin,
neno lake la kwanza la kwetu.