Gharama Iliyobaki

Tartu, Februari. Dirisha limeganda.
Triinu ana sauti mbili za mama yake:
moja ya miaka tisa nyuma,
Maimu akisoma namna ya kuoka mkate mweusi;
nyingine ya juzi, baada ya kiharusi.
Maneno ni yale yale.

Ukizipachika sekunde kwa sekunde,
"chumvi" ya zamani inaangukia "unga" wa sasa,
na kompyuta inaapa: hawa ni watu wawili.

Basi anaunyumbua muda.
Sekunde moja ya zamani
huruhusiwa kungoja nne za leo,
kama mtu anayeshikilia mlango
mwenye mkongojo apite.
Kuvuta, ruksa. Kungoja, ruksa.
Kurudi nyuma, hapana.
Mstari kwenye kioo wapanda kidato,
wasimama, wapanda.

Chumvi yaipata chumvi.
Unga waupata unga.

Chini kabisa, tarakimu: gharama iliyobaki.
Si sifuri.
Anaifuatilia inakotoka.
Si kwenye kigugumizi, hicho kimeshanyooka.
Ni kabla ya neno "tanuri":
juzi, hapo, Maimu alicheka,
na ile sauti ya zamani
haikuwa na kicheko cha kukipokea.

Hakifuti.