Mita Nne za Makoro

Hakuna choo kilichojichimba. Hilo kwanza.
Hapa Majengo mlima ulitunyang'anya udongo
ukatuachia makoro,
jiwe jeusi lenye matundu kama mkate ulioungua,
jiwe linalokula tindo, linalokula kiganja,
na usiku linakohoa ndani ya kifua cha mtu.

Baba mdogo Bauma hulipwa kwa mita.
Alfajiri huwasha moto wa mbao chini ya shimo,
hupanda ngazi, hunywa chai ya rangi, haongei.
Kisha mimi namwaga bidoni zima la maji
na jiwe linalia: twaa!
"Sikia," ananiambia, "limekubali."
Halikubali. Limetoa ufa mwembamba kama unywele,
na humo ndimo anamoingiza baramini yake,
humo imo karo ya Kahambu,
zimo sambaza za jioni, sabuni, kodi ya nyumba.

Mimi niko juu na kamba.
Ndoo ipande, imwagwe, ishuke.
Uso wake siuoni; naona kofia, mabega,
vumbi limempa mvi za siku moja.
Namjua kwa mlio. Nyundo ikienda ko, ko, ko, yuko salama.
Ikinyamaza nahesabu hadi kumi
ndipo naita.

Wiki ya sita akaja mwenye lupango,
viatu vimepigwa rangi, futi mkononi.
Aliinama ukingoni, akateremsha utepe,
akasema: tatu na nusu.
Bauma alikuwa ameketi juu ya rundo
akijitoa kibanzi kwenye kidole gumba.
Hakugomba. Aliishika ngazi kwa mikono miwili:
"Shuka, Papa Shamavu. Sifuri ya futi ianzie miguuni pako."

Akashuka.
Tulisikia pumzi yake ikibadilika njiani.
Nilimwona akigusa ukuta penye alama za tindo,
maelfu, zimeshikana kama msuko wa kikapu,
na nyuma ya kila alama palikuwa na bega.
Alikawia kule chini kuliko kazi ya kupima.
Alipotoka alikuwa na vumbi kwenye kope
na namba hakuitaja tena. Alihesabu franga,
mita nne,
akauliza maji ya kunawa yako wapi.

Siku ya mwisho ndoo ilipanda nyepesi.
Nikadhani amechoka. Nikachungulia:
udongo.
Ule wa zamani, wa kabla ya moto kushuka,
laini, una harufu ya mvua ya watu wengine,
na ndani yake mzizi wa mgomba uliogeuka makaa,
na kijiko.
Bauma alikifuta kwenye suruali, akakitia mfukoni.
"Hapa mtu alikuwa analima," alisema,
sauti ile ile anayowasalimia wachimbaji wenzake.

Kesho tuko Ndosho, makoro yale yale.
Wenye nyumba watakaa, watazaa,
wataingia humo kila asubuhi wakiwaza mengine,
na iwe hivyo; choo si mahali pa kukumbuka majina.
Ila mimi nilishika kamba.

Viganja vyangu vimeanza kuota sugu.
Jana nilimwonyesha.
Aliviminya kama mtu anayechagua parachichi sokoni,
akasema: bado kidogo.