Leo Mmefika Wapi?

Njia yenyewe ni fupi:
inaanzia pale mafundi wa Grogan wanapogonga mabati,
inafuata mto, inapinda mara mbili,
halafu inakwama kwenye rundo la udongo
ambalo mkandarasi alilisahau.
Kilomita moja. Kwenda na kurudi, mbili.
Kabro nyekundu, kingo nyeupe,
hakuna gari, hakuna honi, hakuna wa kukupigia kelele
"Mama, rudi jikoni!"

Atsango hapandi tena barabara kubwa.
Lori la mchanga lilimpangusa kule Jogoo Road
likaenda zake bila kuangalia nyuma.
Goti lake lina chuma, na chuma kina utabiri:
huijua mvua kabla ya mawingu.
Ndiye aliyesema, akijaza upepo kwa pampu ya mkono,
"Twende Kisumu."
Nikacheka. Akaniangalia kama mtu aliyekwisha kata tiketi.
"Mia tatu na hamsini. Nimepiga hesabu. Hapa hapa."

Basi kila Jumamosi, na Jumatano jioni mwili ukikubali,
tukafunga mikoba nyuma kama wasafiri wa kweli:
viraka, gundi, chupa ya chai,
chapati nne ndani ya gazeti,
makoti ya baridi ya Limuru
(Limuru tulipita mwezi wa pili, jua likichoma;
tukayavaa hata hivyo).
Chaki kwenye mguu wa benchi:
mstari, mstari, mstari.

Mto hausemi uongo kuhusu ulikotoka.
Una povu la sabuni, una oili, una kiatu kimoja
kinachosafiri bila mwenzake.
Lakini asubuhi, kabla jiji halijakohoa,
kwarara huchokoa matope,
na matete yaliyopandwa juzi
hutoa sauti ambayo mnyororo wangu huijibu.
Upepo usoni. Nina miaka hamsini na sita.
Sikujua mwili huu una gia nyingine.

Mlinzi wa pale ni Chepkwony:
rungu, redio, koti refu kuliko zamu.
Wiki ya kwanza alitutazama tukizunguka
kama nzi ndani ya glasi.
Wiki ya tatu akauliza, "Leo mmefika wapi?"
"Naivasha."
"Samaki ni pesa ngapi?"
Gilgil akasema tumsalimie watu.
Nakuru akatuonya kuhusu wezi wa stendi.
Molo akatuletea viazi viwili vya kuchemsha:
"Huko kuna baridi. Kuleni."

Halafu Jumatano moja tukamwambia, "Jumamosi, Londiani."
Redio akaizima.
Kumbe kwao ni Londiani, juu ya reli,
ana miaka tisa hajaenda;
nauli iligeuka karo, karo ikageuka dawa,
dawa ikageuka jeneza alilolichangia kwa simu.

Siku yenyewe alikuja amenyoa ndevu.
Atsango akashuka, akampandishia kiti,
akamwambia, "Breki ya kulia haisikii; tumia ya kushoto."
Aliyumba kama ndama, akanyooka,
koti likapepea nyuma yake,
akapita matete, akapita benchi na chaki zetu,
akapotea kwenye kona ya pili.

Tukasubiri.
Nyundo za Grogan zilinyamaza, au ni sisi tulioacha kuzisikia.
Kilomita moja haihitaji muda wote huo.
Atsango alilishika goti.

Alirudi akiisukuma baiskeli, taratibu,
viatu vimejaa udongo mwekundu
wa lile rundo.
Hatukuuliza.
Alitoa kitambaa, akaufuta usukani
kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.
"Mlango wameubadilisha rangi," akasema.
Akawasha redio.

Sisi tukamega chapati.
Kisumu bado mistari hamsini na minane.