Uanze na Nani

Umeme ulikatika Isevya saa mbili kasoro,
ukarudi saa nne kwa kishindo, feni ikaguna,
nikalisikia boksi langu chini ya kitanda cha wageni
likivuta pumzi, kisha likanyamaza
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Nikaliunganisha na televisheni ya sebuleni.
Herufi nyeupe kwenye weusi:
Hakuna cha kuwashia. Chomeka, kisha bonyeza.
Nichomeke nini? Kimo humo tangu mwaka juzi,
kiflashi chekundu, kidogo kama jino la mtoto,
ndicho kinachoziamsha diski nne
ambazo zenyewe, kwa unene wao wote,
hazijui kuamka.

Na ndani ya diski: harusi mia tatu na ushei,
sendofu, vipaimara vya Ipuli, mahafali,
na Mzee Ng'wandu akimpa nasaha bintiye
enzi zile sauti yake ingali nene.
Amezikwa Jumanne. Mjane wake kapiga simu mara mbili:
"Mihayo, ile kanda bado unayo?"
Nikasema ninayo. Upesi, kama mwenye duka
asemavyo sukari ipo kabla hajageuka kutazama rafu.

Basi nikaanza na zile mbinu za aibu.
Nikakichomoa, nikakipuliza
(kila fundi hupuliza, kila fundi hukana),
nikakifuta kwa pindo la shati, nikakirudisha.
Hakuna cha kuwashia.
Nikakihamisha tundu la mbele kwenda la nyuma,
kutoka la buluu, lenye haraka zake,
kwenda jeusi la kizamani,
maana mashine ya mnada wa ofisi ya tumbaku
haipendi kuharakishwa.
Hakuna cha kuwashia.
Nikakipeleka kwenye laptopu: kikasoma.
Mafaili yote yamo, hata moja halijakohoa.
Hapo ndipo nilipoogopa.
Kibovu unakitupa. Kizima kisichoonekana
unakishika wapi?

Kalunde, mwenye mtihani asubuhi,
ananimulikia kwa simu, anapiga miayo:
"Baba, kwani huko ndani ni saa ngapi?"

Nikazima, nikawasha, nikagonga kitufe cha mipangilio
mara ishirini, kama anayebisha hodi kwa mdaiwa.
Pakafunguka.
Tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa.
Saa sita usiku na dakika tatu.

Nikakaa sakafuni.
Humo ndani Kalunde hajazaliwa.
Sina mvi, sina kamera,
na Mzee Ng'wandu yuko Cheyo anabishania bei ya mbao.
Kibetri cha duara, kile cha kukumbuka giza likiingia,
kilikufa bila msiba,
na mashine imeamka na desturi za ujana wake:
iulize diski ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne,
na kiflashi, mwisho kabisa, kama kuna nafasi.

Hakuna kilichopotea, basi.
Kilichopotea ni nani aulizwe kwanza.

Nikakipandisha kwa vishale, ngazi kwa ngazi,
mpaka juu. Anza na huyu mdogo.
Mwaka sikuurekebisha papo hapo.
Niliuacha kidogo, uwake.
Kisha nikaandika wa leo kwa kidole kimoja.

Mistari ikateremka. Diski zikaguna, moja,
ya pili, ya tatu ikachelewa hadi nikashika kichwa,
halafu ya nne, halafu ya tatu.
Kibetri ni elfu mbili pale sokoni, nitakinunua kesho;
umeme ukikatika usiku huu, atasahau tena.
Kwa hiyo, kabla hata ya kumfukuza mtoto akalale,
nikanakili ile kanda mara mbili, pembeni,
nikaifungua nione kama imekuja nzima.

Matarumbeta yanaishia. Mzee anapokea kipaza sauti,
anakigonga kwa kucha, anatazama moja kwa moja kwenye lenzi:
"Inasikika? Nianze?"

Na nyuma ya kamera, sauti nyembamba,
sikuitambua mara moja kuwa ni yangu:
"Anza tu, mzee."