Unene wa Ukucha

Shahdad aliingiza lori saa saba ya mchana,
trela imejaa mabomba ya kupeleka Marmul,
akashuka akikunjua vidole kimoja kimoja.
"Usukani wanitetemeka," akasema,
kwa Kiswahili cha mama yake, cha Makadara,
kisichokubali kuzeeka hapa Haima.
"Tangu Adam nimeshika mzinga wa nyuki."

Spana sikuigusa.
Mgonjwa huulizwa kwanza.
Unaanzia mwendo gani? Themanini.
Unazidi wapi? Tisini, hapo hata meno yanajibu.
Na mia? Mia kampuni hairuhusu.
Akatazama pembeni. Mia unapungua.
Ukikanyaga breki? Vilevile, hauongezeki.
Na makalio, yanahisi?
Akacheka. Makalio yamelala, ni mikono tu.

Basi ngoma za breki ziko salama,
na nyuma hakuna anayenung'unika.
Kinachopigwa ni mikono: tutafute mbele.

Haima haina kivuli ila ulichojijengea.
Chini ya bati langu Mofizul akapiga jeki,
gurudumu la kushoto likaning'inia.
Nikapitisha kiganja juu ya mpira, kwenda na kurudi,
kama anayetafuta mawe kwenye mchele.
Hakuna nundu.
Hakuna ubapa wa tairi lililolala juani mwezi mzima.
Nikalishika juu na chini, nikalitikisa: beringi kimya.
Vipande vya risasi vipo, vimeuma ukingo wa rimu,
hata kimoja hakijatoroka.

Nikaegemeza chaki juu ya tofali,
karibu na mpira, bila kuugusa.
Zungusha, nikamwambia Mofizul. Polepole.
Nusu ya kwanza chaki ilinyamaza.
Nusu ya pili ikaanza kuandika,
mstari mwembamba, ukakolea, ukafifia,
mwezi mwandamo uliolala ubavu.
Duara lilikuwa duara.
Kitovu chake ndicho kilichohama.

"Fundi gani huyu aliyelifunga!" nikasema,
kwa sauti, ili karakana nzima isikie.
Shahdad akanitazama kwa adabu,
adabu iliyozidi kipimo.

Nati kumi zikatoka. Tukavuta gurudumu.
Pale chuma kinapotakiwa kulala juu ya chuma,
usoni mwa habu, gamba la kutu
limekandamizwa pamoja na mchanga,
unene wa ukucha wa mtoto.
Na upande wa ndani wa rimu, kwa rangi ya manjano,
mwandiko ninaoujua kuliko uso wangu:
ishirini na tisa, Ramadhani.

Usiku wa kutazamia mwezi.
Malori saba kwenye foleni, Mofizul yuko kwao Sylhet,
simu ya nyumbani haikatiki,
kanzu za watoto bado ziko kwa mshoni.
Habu niliipuliza kwa mdomo.
Kwa mdomo!
Na brashi ya waya ilikuwa hatua tatu.

Nyani haoni,
nikaanza, methali sikuimaliza.

Nikasugua mpaka chuma kikaona aibu, kikang'aa.
Nikakaza nati kwa kuvuka, ya juu, kisha ya chini yake,
si kwa kufuatana kama watu wa foleni ya mkate.
Tukatoka naye barabarani, mabomba na vyote,
themanini,
tisini.
Akaachia usukani vidole viwili, kisha vitatu,
akabaki na kidole gumba, kama anayesoma mshipa.
Hakusema kitu mpaka tuliporudi.

Alipotoa pochi nikamshika mkono.
"Fundi ni mimi," nikasema.
"Najua. Nilijua tangu Adam."
"Mbona hukusema?"
"Ungeangalia upande mmoja tu," akajibu.
"Nilitaka uangalie pote."

Akaondoka kusini. Vumbi likamfunika.
Gamba lile Mofizul amelibandika ukutani,
juu ya mashine ya upepo,
na chini yake ameandika tarehe,
kwa rangi yangu mwenyewe.