Risiti juu ya Kawa

Tokea saa mbili za asubuhi nasimama mlangoni,
buti za kampuni zinanizidi saizi moja.
Kiti kipo. Cha meneja, akija kutazama
kama nimekaa.

Kazi yenyewe hata mtoto wa chuoni angeiweza:
mkoba ukiingia, nitoe kibati chenye namba;
mtu akitoka, nikague risiti, nikague mfuko,
nipige mstari wa kalamu nyekundu.
Mstari. Pita. Ahsante. Mstari. Pita.

Wageni wenye mabegi mgongoni hawaachi kitu.
Sikuambiwa hivyo kwa maneno.
Siku ya kwanza nilimnyooshea kibati Mzungu
mwenye begi la kutosha kubeba friji,
meneja akakohoa.
Kikohozi kile nnakijua maana yake mpaka leo.

Lakini baibui, hilo nina ruhusa nalo.
Na kijana wa fulana iliyochanika kwapani,
huyo nimfuate hadi kwenye sabuni,
nisimame kisogoni mwake kama wasiwasi wa sala
mpaka achague mbio mbio, au atoke mikono mitupu.
Wengi hutoka mikono mitupu.

Mwezi wa Rajabu tulikamata wawili.
Wa kwanza mtu wa tai, vichupa vinne vya manukato
ndani ya soksi: alikalishwa ofisini, akaletewa maji,
akaitiwa kakaake.
Wa pili mchukuzi wa bandarini, betri mbili za tochi:
alipigishwa magoti penye mizani ya viazi, akapigwa picha.
Picha ipo ukutani, karibu na keshia. Macho kafumba.
Gundi niliishika mimi.

Basi chungu la kumi na tisa, saa tisa za mchana,
ulimi wangu mkavu kama kifuu,
akatoka Bi Zeyana,
jirani yangu Mpendae, ukuta kwa ukuta,
aliyenibeba mgongoni nilipopata surua.
King'ora kikalia.
Akacheka: "Kimekuona weye hicho, Shaame."
Meneja akakohoa.

Nikasema, "Mama, fungua pochi."
Mama. Kama aitwavyo mtu usiyemjua.

Vitoroli nyuma yake vikasita.
Hakuifungua. Aliipindua juu ya kaunta, yote:
msuwaki, funguo, kadi ya kliniki ya sukari,
noti mbili kwenye fundo la leso,
picha ya pasipoti ya marehemu mumewe,
na tasbihi, uzi ukakatika,
shanga zikakimbilia chini ya friji la maziwa.

Kilicholia ni kibandiko cha kopo la kastadi,
lililolipiwa; keshia kasahau kukizima.
"Samahani," alisema meneja, akiiambia simu yake.
Mimi nikapiga mstari kwenye risiti.
Wallahi, mkono ulipiga wenyewe.
Kisha nikalala kifudifudi kuokota shanga,
na nilipoinuka alikwishakwenda.

Magharibi, tende ingali mdomoni,
mjukuu wake akapiga hodi.
Sahani ile ile ya maua ya buluu, ya kila mwaka,
imefunikwa kawa,
na juu ya kawa, imebanwa kwa pini ya ushungi,
risiti. Imenyooshwa, mstari wangu juu.
"Bibi kasema ukague kwanza, ndo ufunue."

Nilikagua. Sukari kilo moja. Maziwa. Iliki. Kastadi.
Nikafunua, ikawa inatetemeka, ya manjano,
zabibu kavu juu yake zimepangwa vizuri
kuliko miaka yote.
Mke wangu akauliza karatasi hiyo ya nini.
Nikamwambia bei zimepanda.

Sahani ya jirani hairudi tupu, nani asiyejua.
Nimeiosha. Imekauka tokea juzi.
Shanga nilizonazo ni thalathini na moja,
na nikizimwaga pale kati
hazifuniki hata ua moja.