Hesabu ya Vidonge

Kurasa kumi na moja za idhini
nilimsomea kwa Kiswahili, chumba namba nne, Arua,
maana Kilugbara changu ni cha sokoni tu
na Kiingereza, alisema, alikiacha mlangoni mwa shule.
Kiswahili alikipata kambini:
miaka ishirini na miwili stoo ya jeshi,
akihesabu mablanketi, mabuti, mikebe ya nyama.
Koplo mstaafu Andama Draleti.
Macho rangi ya bizari.
Mkojo, alinieleza, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.
Alijikuna hata alipokuwa akinisalimu.

Nikafika penye neno lenyewe.
"Mrija wa nyongo," nikasoma, "umezibwa na uvimbe,"
naye akacheka.
"Sista, kambini tukisema mambo yametumbukia nyongo.
Sikujua ni habari za tumbo langu."
Nikacheka nami.
Mwongozo haukusema nisicheke.

Ukurasa wa tano: makundi mawili.
Wengine watapewa dawa, wengine kidonge kisicho na kitu,
na mimi sitajua, daktari hatajua, wewe hutajua.
"Nani anajua?"
Kompyuta.
"Iko wapi?"
Kampala.
Nje mtu alikuwa akiwasha jenereta,
ikakohoa, ikazimika, ikakohoa.
"Hata jeshini," akasema, "anayejua alikuwa Kampala."

Ukurasa wa tisa niliusoma mara mbili, taratibu:
huenda wewe mwenyewe usinufaike;
huenda watanufaika wengine, baadaye.
Akatazama vidole vyake.
"Yaani naandika kwenye leja
aje kuisoma mwingine."
Ndiyo.
"Basi nifungulie leja."
Wino wa dole gumba aliusukuma pembeni.
Akatia sahihi ya stoo, na mistari miwili chini yake.

Kila Jumanne ya pili alishuka kwenye boda kutoka Maracha,
chupa ya vidonge mfukoni mwa koti.
Mirija mitatu ya damu, kisha hesabu.
"Vimebaki vinne. Kimoja nilikitapika.
Nilichokitapika tunakihesabuje?"
Nilifungua mwongozo. Jibu lilikuwamo.
Nilishangaa kwamba lilikuwamo.

Mwezi wa saba macho yake yalikuwa meupe.
Nikaandika: hali nzuri.
Nikaandika kwa mkono wa mtu anayetaka jambo.
Mwezi wa tisa umanjano ulirudi
bila kubisha hodi.

Kisha Jumanne moja, benchi tupu.
Simu yake ikaita, ikaita.
Kwenye fomu kuna kisanduku: Hapatikani.
Siku tatu kalamu yangu ilikaa juu yake,
na damu yake ndani ya jokofu,
nyuzi themanini chini ya sifuri,
ikipatikana.

Siku ya nne alikuja binti, Ayikoru,
matope hadi vifundoni, kavera nyeusi mkononi.
"Tulimzika Jumamosi," akasema.
"Alisema hivi si mali yake.
Alisema usipokee bila kuhesabu."

Nikavimwaga kwenye sinia ya buluu,
nikavisogeza vitano vitano.
Midomo yake ilikwenda pamoja na yangu.
Kumi na tano. Kumi na tisa.
Tukarudia, tangu mwanzo. Kumi na tisa.

"Vilikuwa vile vya kweli?"
Sijui.
"Mtajua lini?"
Leja ikifungwa. Mwaka kesho, labda mwingine.
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei
na hana haja ya kubishana.

Lakini hakuondoka. Alisimama pale mlangoni
hata nikadhani ameishiwa nauli.
"Risiti," akasema.

Utafiti hauna risiti.
Nilichana ukurasa wa daftari langu, nikaandika:
Vimepokelewa, kumi na tisa, kutoka kwa Koplo Andama.
Nikatia sahihi.
Akausoma, akanirudishia.

"Mistari miwili," akasema. "Hapo chini."